Kasha la chini ya maji linasumbua? Anza na dalili

Mchezo wenyewe mnaujua: mtu anaficha kasha lenye daftari, anatangaza kodineti zake, wengine wanakuja na GPS kulitafuta, wanaandika jina na kulirudisha lilipokuwa. Wenyewe wanauita jiokeshingi. Kasha la kwanza liliwekwa tarehe 3 Mei 2000 karibu na Beavercreek, Oregon, mara tu baada ya Marekani kuzima upotoshaji wa makusudi uliokuwa ukiharibu GPS za raia. Lilikuwa ndoo, tena nchi kavu.

Nchi kavu adui wa kasha ni mvua, mchwa na nyani. Baharini adui halali usingizi. Nayajua haya kwa sababu makasha niliyoyapoteza chini ya maji ni mengi kuliko niliyobaki nayo, na karibu kila moja lilikufa kwa ugonjwa ambao ningeutambua mapema kama ningetazama dalili badala ya kukimbilia kununua chombo cha bei zaidi. Nazungumzia kina kidogo, mita 2 hadi 15, ndani ya mwamba wa pwani yetu. Richard Garriott aliacha kasha mwaka 2002 kwenye chemchemi za moto za Rainbow, chini ya Bahari ya Atlantiki, kina cha mita 2,300 hivi, na kufika huko kunahitaji nyambizi. Matatizo yake siyajui na sitajifanya nayajua.

Ndani kuna maji

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa kila mtu, na wengi hukosea hapo hapo kwa kudhani maji yote yameingia kwa njia moja. Kabla hujafuta kitu, chovya kidole, uonje.

Kama hayana chumvi, kasha halivuji. Linatoa jasho. Ulilifunga ufukweni kwenye hewa ya joto yenye unyevu, ukalipeleka chini kwenye ubaridi, na unyevu ule ukakaa ukutani kama matone. Tazama pia kiasi: lita 1 ya hewa ya nyuzi 30 iliyojaa unyevu wote inaoweza kubeba ina gramu 0.03 tu za maji, hata tone zima halifiki. Kwa hiyo jasho ni ukungu na madoa ya unyevu kwenye karatasi. Likizidi hapo, tafuta sababu nyingine. Dawa ya jasho ni rahisi: funga kasha asubuhi kabla jua halijawaka, tia ndani vifuko vile vya chembechembe za kukausha vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu, na ubadilishe kila unapolitembelea.

Kama yana chumvi lakini ni matone machache, mara nyingi mkosaji ni mgeni wako. Ametoka majini, nywele zinadondoka, vidole vimelowa, kafungua kasha akiwa ameshikilia ubavu wa boti. Hakuna raba duniani inayozuia hilo. Tia daftari ndani ya mfuko wa zipu, na kitambaa kidogo cha kufutia mikono juu yake, ndicho kiwe kitu cha kwanza anachokikuta.

Kama ni kijiko kizima cha maji ya chumvi au zaidi, basi linavuja. Sasa angalia raba ya kuziba, ile mafundi wanayoiita oringi. Ipitishe taratibu katikati ya vidole viwili huku umefumba macho. Punje moja ya mchanga, unywele mmoja, uzi wa kitambaa, vinatosha. Kisha tazama mfereji inamokaa, maana wengi husafisha raba wakaacha mchanga kwenye mfereji. Ipake mafuta ya silikoni kidogo tu, ing'ae bila kuteleza. Wanaopaka vaselini wakumbuke kwamba raba ya asili huvimba na kulegea kwa mafuta ya namna hiyo.

Raba ikiwa safi na bado linavuja, soma alama iliyoandikwa kwenye chombo. IP67, ambayo wauzaji hupenda kuisema kana kwamba ni kiapo, maana yake chombo kilijaribiwa mita 1 kwa dakika 30. Wewe unataka mita 10 kwa miezi. Kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza presha sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Kifuniko cha upana wa sentimita 10 kinabeba kama kilo 80 hapo chini. Ni mtu mzima amesimama juu yake usiku na mchana. Plastiki laini ya jikoni inabonyea katikati, ukingo unainuka, maji yanapita pembeni.

Ndiyo maana jaribio la ndoo lina uongo ndani yake. Watu hulizamisha kasha na karatasi kavu ya chooni ndani, asubuhi karatasi bado kavu, wanashangilia. Ndoo ya sentimita 30 inakipa kifuniko hicho hicho mzigo usiofika kilo 3. Anza na ndoo, sawa, maana likivuja kwenye ndoo hakuna haja ya kupoteza mafuta ya boti. Lakini jaribio lenyewe ni kulishusha kwa kamba hadi kina kile kile utakachoficha, lilale huko usiku mmoja.

Na baada ya yote hayo, nasema waziwazi: mimi nimeacha kuyafukuza maji. Kasha la chini ya maji ninalolipenda sasa limetobolewa matundu.

Kasha lililokubali kulowa

Chukua kipande cha bomba la PVC la inchi 4, urefu wa sentimita 30. Ziba upande mmoja kwa gundi, upande wa pili weka kifuniko cha kuzungusha, toboa matundu manne au matano ya milimita 8. Ndani weka kibao cha plastiki nyeupe kilichosuguliwa kwa msasa ili penseli ishike, pamoja na kurasa za karatasi ya plastiki isiyochanika majini, zilizoshonwa kwa mshipi wa kuvulia. Penseli ifungwe kwa mshipi pia, kwa sababu ukiiachia itapaa juu na hutaiona tena.

Maji yakiwa ndani na nje, presha ni sawa pande zote, kifuniko hakibebi chochote, na hakuna raba ya kubembeleza. Kasha halitaki kuelea. Lakini sababu kubwa kwangu ni ya tatu, nayo inamhusu mtu, si kasha. Kasha kavu haliwezi kufunguliwa chini. Anayelipata akiwa na mtungi wa hewa mgongoni lazima apande nalo juu, aandike, ashuke kulirudisha, apande tena. Kupanda na kushuka namna ile ya meno ya msumeno ndiyo tabia ambayo kila mwalimu wa kupiga mbizi anaikataza, kwa sababu inakaribisha ugonjwa wa mgandamizo, yaani mapovu ya gesi mwilini. Kasha lililolowa linaandikwa pale pale chini, mtu amepiga magoti mchangani, halafu anaendelea na safari yake.

Unapoteza nini? Vitu vya kubadilishana, vile vikaragosi na sarafu za nchi za watu. Sijawahi kusikia aliyeshuka mita 12 kwa ajili ya kikaragosi.

Mwandiko haupo au hausomeki

Wino wa kalamu ya kawaida hauandiki kwenye karatasi iliyolowa, na wa kalamu ya maji unaogelea. Penseli inaandika, ila penseli ya mbao inavimba na kupasuka ubavuni baada ya wiki chache, na risasi yake inachomoka. Tafuta ya plastiki au kipande cha grafaiti tupu. Ukikuta mwandiko ulikuwepo ukafutika, kibao kilikuwa laini mno au kinasuguana na kitu ndani ya bomba kila wimbi linapopita. Kikaze.

Limepanda juu lenyewe

Hili ni la wale waliobaki na kasha kavu, na ni hesabu tupu. Lita 1 ya hewa inasukumwa juu na maji ya bahari kwa nguvu ya kilo 1 na gramu 25. Chombo chenyewe kikiwa na gramu 200, bado unadaiwa gramu 825 ili kitulie, na hapo kimetulia kwenye maji yaliyolala tu. Kosa la wengi ni kupima uzito nchi kavu. Kilo 1 ya zege ikiingia baharini inabaki kama gramu 570, kwa hiyo kwa chombo hicho unahitaji zege la kilo 1 na nusu kuvunja sare. Mimi naweka kilo 5 na hulala usingizi. Risasi haipungui sana, kilo moja inabaki gramu 910 hivi. Chubwi za wavuvi zikiyeyushwa pamoja hufanya kazi nzuri, ila pesa yake ni nyingine. Usiokote jiwe la matumbawe lifanye kazi hiyo. Limejaa vitundu, ni jepesi kuliko linavyoonekana, na huenda kuna kiumbe hai juu yake.

Onyo moja kwa anayefungua kamba ya kasha kavu akiwa chini: litakuvuta juu. Liachie liende. Kuliko kupaa nalo huku umebana pumzi, bora ukalitafute ufukweni.

Limehama, au kamba imebaki peke yake

Ukikuta kamba bila kasha, tazama ncha yake. Ncha iliyochambuka kama ndevu imesagwa taratibu kwenye jiwe. Ncha iliyokatika safi imekatwa kwa kisu au kwa panga la injini. Ncha iliyooza, laini kama ugali, ni kamba ya katani. Tanga walitulisha kwa zao hilo miaka mingi, lakini bahari inalila. Kamba ya plastiki ya bluu inayouzwa kila duka haiozi upesi, ila inaelea, inafanya tao juu ya mchanga likisubiri panga la boti. Nailoni inazama, ndiyo ninayotumia, fupi kabisa.

Waya wa mabati unakwisha ndani ya msimu mmoja. Ile skrubu inayong'aa uliyoambiwa haishiki kutu nayo inaliwa, hasa kwenye mwanya ambako maji hayazunguki, na ukiifunga kwenye alumini, alumini ndiyo inayolipa: inageuka unga mweupe mbele ya macho yako.

Kama kamba ni nzima na jiwe lenyewe ndilo lililotembea, tazama kalenda. Lililowekwa wakati wa kaskazi, bahari shwari, linakutana na kusi mwezi Juni, mawimbi yanafika hadi chini na kulisukuma kama mpira. Zege la mviringo ndilo linaloanza kwenda. Limimine kwenye karai pana ili liwe bapa, ulilaze kwenye mchanga. Usilifunge kwenye tumbawe hai hata kama ndilo lililo karibu: kamba inalikata kidogo kidogo kama msumeno, na miaka aliyochukua mdudu yule kujijenga hailipiki kwa kasha.

Lipo palepale, lakini hakuna anayelipata

Hapa ndipo matatizo yanapopandana, na mwenye kasha hukasirikia wageni bila sababu.

Kwanza kodineti. Mawimbi ya GPS hayapiti kwenye maji zaidi ya kina cha vidole, kwa hiyo kifaa chako, hata kikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, kinapima mahali ulipo juu, si kasha lilipo chini. Wengi hufunga boya na kupima kwenye boya. Basi kama kina ni mita 12 na kamba ya boya ni mita 18, boya linaweza kukaa hadi mita 13 kutoka juu ya kasha, upande wowote ambao mkondo unapenda. Ongeza mita 5 za kosa la simu yenyewe na mita 5 za simu ya mgeni, na mgeni anapekua eneo la karibu robo ya uwanja wa mpira kwenye maji ambayo anaona mita 4 mbele. Subiri maji yasimame, vuta kamba mpaka isimame wima, pima mara kadhaa kwa siku tofauti, chukua wastani.

Kosa la mamia ya mita au zaidi lina sababu nyingine. Mita 300 hivi kuelekea kaskazini au kusini: umesoma kodineti kwenye ramani za zamani za Afrika Mashariki, zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS84. Kilomita nyingi: umechanganya dakika na desimali. Mchezo huu huandika nyuzi na dakika zenye desimali, na S 06° 39.250' si sawa na 6.39250, tofauti yake ni kama kilomita 29. Na ukisahau kuandika S, kasha la maji ya kisiwa cha Mbudya, Dar es Salaam, litatafutwa kwenye nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia.

Pili, kina. Umeandika "mita 2", mgeni kakuta 5, kadhani amepotea. Pwani yetu wakati wa bamvua kubwa tofauti ya maji kupwa na maji kujaa inakaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo inashuka sana. Andika kina cha maji makavu ya bamvua na kina cha maji makuu, vyote viwili, na useme mkondo unavuta wapi maji yakitoka. Mtu kutoka ziwani au kutoka bahari isiyo na kupwa na kujaa kwa kiasi hiki hajui kabisa kwamba kisiwa alichokiona asubuhi jioni ni maji matupu.

Tatu, njia. Kodineti zimfikishe karibu, halafu alama zimmalizie. Fanya kama wavuvi wanavyofanya tangu enzi: mnara wa msikiti uangukie juu ya mnazi fulani, na upande wa pili ncha ya kisiwa ifunike jengo lile. Alama mbili za nchi kavu zikikatana hazidanganyi kama simu. Chini ya maji mpe kitu kikubwa cha kuanzia, jiwe la nanga au mwamba wenye umbo la kukumbukwa, kisha uelekeo wa dira na idadi ya mapigo ya miguu. Na kasha lako usilivalishe rangi ya mchanga. Bahari italificha yenyewe ndani ya wiki sita, kwa mwani na chaza. Nyekundu nayo haisaidii, maana mita chache tu chini inaonekana ya kahawia. Njano au nyeupe hudumu zaidi.

Jambo la mwisho hapa: ukiliweka ndani ya tundu la mwamba, usimlaumu anayekataa kuingiza mkono. Mkunga yupo, na pweza hupenda bomba la inchi 4 kuliko sisi. Nimeshakuta kasha langu lina mpangaji. Nililiacha miezi miwili nikaandika kwenye tangazo kwamba limefungwa kwa sababu za kifamilia.

Kifuniko hakifunguki, au kimeruka

Kisichofunguka mara nyingi kimeota chokaa na chaza kwenye meno yake. Sugua kwa brashi ngumu, usipige. Bawaba na klipu ndogo ndizo za kwanza kujam, hivyo chagua kifuniko kipana cha kuzungusha, na likilazwa kifuniko kielekee chini au pembeni mchanga hauingii sana.

Kinachoruka ni hatari, tafadhali soma mara mbili. Kasha kavu lililovuja taratibu likiwa mita 10 hujaza maji mpaka hewa iliyobaki ndani iwe imebanwa sawasawa na presha ya nje. Ukilipandisha, hewa ile inataka kutanuka mara mbili. Raba ikiwa inapitisha kuingia tu na si kutoka, unashika bomu dogo. Kasha lenye maji ndani na kifuniko kilichotuna lisielekezwe kwenye uso wa mtu. Legeza kidogo, sikiliza mlio wa hewa, ngoja, ndipo ufungue.

Mhakiki amelikataa

Wahakiki, wale wanaokagua kila kasha kabla halijatangazwa, ni watu wa kujitolea na sababu zao ni zilezile. Liko chini ya mita 161 kutoka kasha jingine. Hukuweka alama ya vifaa maalumu: panapohitajika mtungi au boti, ugumu wa njia ni 5, daraja la juu kabisa, hakuna mjadala. Uko likizo na hutarudi kulitunza. Umechimba. Au huna kibali, na hili kwetu ndilo zito. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, Mafia tangu 1995, na upande wa Kenya Malindi na Watamu tangu 1968. Huko hata kokoto usiache bila ruhusa ya maandishi, na ukiniuliza mimi, usiombe. Kuna mchanga mwingi nje ya mipaka yao.

Kwa wa maziwa nina maneno machache. Maji ya Tanganyika ni maangavu na karibu yote yaliyosemwa yanafaa, isipokuwa jaribio la kuonja halitakusaidia. Victoria huoni mkono wako. Na kote kuwili maji ya pembeni yenye majani yana kichocho, mahali pengine mamba na kiboko, kwa hiyo ulizia wenyeji kabla hujavua shati.

Limetoweka kabisa

Hakuna kamba, hakuna jiwe, hakuna alama. Mkondo haubebi zege la kilo 5 bila kuacha mfereji mchangani. Limechukuliwa na mtu, na kabla hujasema mwizi, hebu litazame kasha lako kwa macho ya mvuvi.

Karatasi. Ina majina ya watu, mengine ya kigeni, na tarehe. Imefungwa ndani ya chupa, chupa imefungwa kwa jiwe, jiwe limezamishwa baharini mahali ambapo hakuna mtu. Mwulize mtu yeyote wa pwani kitu hicho ni nini.

La kwangu lilikuwa la pili au la tatu, chombo cha kioo kilichokuwa kinaziba vizuri ajabu. Lilikaa wiki tatu. Nilipiga mbizi siku mbili nikilitafuta, siku ya tatu nikaenda dikoni kuuliza. Kijana mmoja akacheka, akanielekeza kwa mzee aliyekuwa anashona dema kivulini. Nikamwamkia, nikaeleza: kasha, kioo, karatasi ndani. Akaitikia marahaba, akaendelea kushona kidogo, kisha akaweka fito chini.

"Limekutwa na wapiga pweza. Limesomewa, limechomwa." Akanitazama. "Mwanangu, watu wote wale wamekukosea nini?"

Ilinichukua muda wa kikombe kizima cha kahawa kumweleza kwamba wale watu hawajanikosea, kwamba walishuka wenyewe na kuandika majina kwa hiari yao, na kwamba hawapewi chochote. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda kabisa.

Siku hizi kabla sijazamisha kitu napita kwa wenye maji kwanza: kamati ya wavuvi, sheha, na huko kwenye BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, wao. Nalifungua mbele yao, wanashika, wanachungulia, wananiambia pia ni wapi majuya yanapita na wapi hakuna nyavu, habari ambayo hakuna ramani itakayonipa. Nje ya kasha naandika kwa rangi isiyotoka, kwa Kiswahili na herufi kubwa: HUU NI MCHEZO, NDANI NI DAFTARI TU, ACHA HAPA. Kioo situmii tena. Bomba lenye matundu halina cha kufichwa, kila mtu anaona ndani.

Kasha lililochukua nafasi ya lile lililochomwa bado lipo, msimu wa nne huu. Jina la kwanza kwenye kurasa zake ni la yule mzee. Aliliandika kwa penseli ya plastiki akiwa amekaa kwenye ngalawa, kabla hatujalishusha, akaniuliza kama na yeye sasa ni mmoja wa niliowazamisha.